Wakuu, ukumbini nitumie A (kamera ijipangie shata) au M (nipange yote mwenyewe)? Picha za harusi zimetoka giza

Mtoto_wa_Kigogo: Habari za jioni wakuu. Juzi Jumamosi nimepiga harusi, kamera Nikon D7100 ya mtumba. Za kanisani safi. Za ukumbini, bibi harusi jukwaani anaonekana vizuri, wengine wote kama umeme ulikatika. Nilikuwa A, f/4 (tundu la lenzi), ISO 1600 (wepesi wa kunasa mwanga). Swali ni moja tu: nihamie M? Nijibuni haraka, sijalala.

Fundi_Mkongwe: M. Sisi wa filamu, picha 36 kwa roli, mwanga tulisoma kwa macho. Kuna harusi Moshi roli ilikwama ndani ya kamera, nikajifunika koti la bwana harusi niitoe gizani. Watu wakadhani naumwa.

mama_keki: Wapiga picha nyie! Albamu yangu naidai toka 2019, mtoto ameanza shule.

Shata_Moja: Dogo, A haina kosa. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ilikuwa ngapi?

Mtoto_wa_Kigogo: 1/250 ya sekunde.

Shata_Moja: Jukwaani na meza za nyuma, zote 1/250? Kwenye A shata hubadilika yenyewe kila mwanga ukibadilika. Ikiganda namba moja, kuna kitu umefunga. Uligusa AE-L, kile kitufe cha kufunga kipimo cha mwanga?

Mtoto_wa_Kigogo: Niligusa. Taa ya video ilikuwa inampiga bibi harusi, nikapima shela, nikabonyeza ili picha zake zisipishane. Mbinu sahihi kabisa, wakubwa wote wanafanya.

Shata_Moja: Wanafanya, halafu wanafungua. Na mita (kipima mwanga cha kamera) hutaka kila kitu kiwe kijivu: ukiipimia shela jeupe inabana mwanga, ndiyo maana tunaongeza +1 hivi. Kule nyuma palitaka kama 1/30, wewe umepapa 1/250. Umepiga stopu 3 chini usiku mzima, na kila stopu inakata mwanga nusu.

kaka_jirani: Kioo cha kamera hukuangalia?

Mtoto_wa_Kigogo: Niliangalia, ila nilikipandisha mwanga hadi mwisho. Ukumbi giza, kila picha ikawa inang'aa.

Mzee_wa_Ushahidi: Chai hii. AE-L ukitoa kidole inaachia. Ulishikilia saa tatu huku unatafuna ndafu?

Shata_Moja: Kwenye menyu unaweza kuiweka ifunge mpaka ubonyeze tena. Ila hata hivyo mita ikilala, kufuli linaachia. Hapo Mzee ana hoja.

Mtoto_wa_Kigogo: Mita yangu hailali. Aliyeniuzia aliiweka isizime, sijawahi kuigusa. Betri nabadilisha mbili kila kazi.

Mzee_wa_Ushahidi: Kila swali lina jibu lake mfukoni. Sukari imezidi. Weka picha.

Mtoto_wa_Kigogo: Siweki. Ndugu wa bwana harusi wamo humu.

kaka_jirani: Kwani umewaambiaje?

Mtoto_wa_Kigogo: Kwamba kadi imekufa. Nitawarudishia laki kati ya laki tatu na nusu. Msinihukumu, ni heri hivyo kuliko kumkabidhi mtu picha ambazo mama yake mzazi haonekani.

mama_keki: Kumbe! Na mimi niliambiwa kadi! KADI!

Fundi_Mkongwe: Ndiyo nasema M. Kwenye M bila ISO ya oto hicho kitufe hakifungi chochote.

Shata_Moja: Mzee, tulia kwanza. Dogo, ulipiga JPEG au RAW (faili ghafi)?

Mtoto_wa_Kigogo: RAW.

Shata_Moja: Mungu akupe nini tena? Stopu 3 kwenye RAW zinanyanyuka. Chenga (vipunjepunje) zitakuwepo, hasa kwenye suti nyeusi, lakini sura zitatoka. Na kwa 1/250 hakuna iliyotikisika. Shela nalo halijaungua kwa mwanga. Kama ungekosea upande wa kuzidisha mwanga, hapo ndipo ungelia.

Mtoto_wa_Kigogo: Nimenyanyua moja sasa hivi. Mama anaonekana. Ana chenga, ila anacheka, ameshika kipande cha keki.

mama_keki: Mpelekee leo hii.

Mtoto_wa_Kigogo: Na kadi nimeshasema imekufa?

Fundi_Mkongwe: Imekufa Jumamosi, leo Jumatatu. Siku ya tatu hiyo, mkuu.