Kurasa asili za katuni: zitundikwe ukutani au zifungiwe, kwa unyevu huu wa Mombasa?

PensiliYaBuluu

Assalam aleikum wenzangu. Nina kurasa 14 za katuni zilizochorwa kwa mkono, zile zenyewe alizozishika mchoraji, si vitabu vilivyochapwa. Kurasa 9 ni za Kimarekani za miaka ya 1970 na 1980, kadi ya Bristol ya inchi 11 kwa 17, wino mweusi. Mbili zimetiwa rangi kwa kalamu za maka, zile za spiriti. Tatu ni za magazeti ya hapa kwetu, karatasi nyembamba, na maneno yake yamebandikwa juu ya mchoro.

Naishi Mji wa Kale, ghorofa ya pili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. AC iko chumbani tu na huwashwa usiku. Kwa sasa kurasa nimezilaza kwenye kabati la plaiwudi, kila moja imetenganishwa na mwenzake kwa gazeti.

Nataka kutundika mbili sebuleni, nyingine nizihifadhi. Nianzie wapi? Na kiputo kimoja cha maneno kimebanduka. Nikirudishe kwa gundi gani?

---

MkaaKisiwani

Waaleikum salaam. Anza na hayo magazeti, yatoe leo. Karatasi ya gazeti ni mbao iliyosagwa na lignini yake yote (gundi asili ya mti) imo ndani. Ikizeeka hutoa asidi, na asidi hiyo huhamia kwenye chochote kilicholaliana nayo. Baada ya muda utaona alama ya rangi ya chai yenye umbo la gazeti lenyewe. Plaiwudi nayo hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo kabati hilo libaki la nguo.

Pili, nunua kipima unyevu cha dijitali, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Chukua kizibo cha chupa, tia kijiko kidogo cha chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito. Isiyeyuke yote. Kizibo na kipimo viingie pamoja kwenye mfuko wa zipu, ufunge, uache saa 8 hadi 12 pahali pasipo jua. Kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 69, andika mgongoni mwake "ongeza 6" uendelee na maisha.

Lengo lako ni kati ya 45 na 55. Ukivuka 65 kuvu huanza kuota, na hewa ya kisiwa hiki inacheza kati ya 70 na 85 sehemu kubwa ya mwaka. Mwezi wa Mei ndio mbaya kupita yote. Kwa hiyo karatasi isiachwe kwenye hewa ya chumba, ijengewe hewa yake.

Sanduku: la plastiki ya polipropilini (tazama chini, pembetatu yenye namba 5), kifuniko chenye mpira kuzunguka na vibanio pande nne. Ndani lisipungue sentimita 32 kwa 47, kurasa zilale bila kupinda. Sanduku la lita 40 linatosha kurasa 14 na nafasi ikabaki.

Kila ukurasa uingie kwenye mfuko wake wa poliesta safi (Mylar) wa unene wa milimita 0.1, nyuma yake kadi isiyo na asidi. Acha upande mmoja wazi. Ukiziba pande zote nne unafungia ndani unyevu na mvuke wa karatasi yenyewe. Albamu za Itoya za 11 kwa 17 pia zinafaa, mifuko yake ni polipropilini, ila uilaze, usiisimamishe kama kitabu, maana kurasa huteleza chini zikajipinda pembe. Kwa bahati zako ni za baada ya 1970; za kabla ya 1967 hivi wachoraji wa Marekani walitumia kadi kubwa zaidi na haziingii humo.

Silika jeli (chembe za kuvuta unyevu): kanuni ya makumbusho ni kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo. Lita 40 ni sehemu ya 25 ya mita hiyo, basi gramu 800. Usizimwage zote siku moja. Jeli iliyotoka kukaushwa huvuta kwa pupa, unyevu ukashuka chini ya 30 na kadi ikajikunja. Anza na gramu 200 kwenye kifuko cha kitambaa, soma kipimo kesho yake, ongeza 100 kila siku mpaka kitulie karibu na 50. Chukua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani. Ya buluu ina kobalti, ni sumu. Ikishageuka, itandaze kwenye trei, iingie kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa 2 hadi 3, kisha ipoe ndani ya mtungi wenye kifuniko. Ukiipooza wazi jikoni itakuwa imeshiba tena kabla hujamaliza chai.

---

FundiPembeNne

Mimi nijibu la kutundika tu, mengine MkaaKisiwani kayamaliza.

Ukuta kwanza. Matumbawe hunyonya maji kama sponji na huleta chumvi. Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa tepu pande zote, ngoja siku mbili. Ukikuta majimaji upande wa ndani, unaogusa ukuta, ukuta wenyewe ni mbichi; usitundike hapo hata kijikalenda. Ukikuta upande wa nje, ni hewa ya chumba. Mara nyingi ukuta wa kutenganisha vyumba unafaa na ule unaoangalia mtaa haufai. Usichague unaopakana na bafu.

Fremu, kutoka mbele kwenda nyuma: perspeksi yenye kinga ya UV, milimita 3. Kisha kadi ya dirisha ya pamba (iliyokatwa katikati ili mchoro uonekane), unene wa milimita 1.4 angalau, na hapa kwetu bora maradufu yake, kwa sababu Bristol hutuna ikishika unyevu, na wino ukigusa perspeksi hushikana nayo. Kisha ukurasa wenyewe, umeshikwa kwa pembe nne za poliesta, kila upande ukiachiwa milimita 2 za kupumua. Kisha kadi nyingine ya pamba. Mwisho plastiki ya mabango, ile yenye mifereji ndani, milimita 4. Usikubali hadibodi, ingawa ndiyo fundi atakayokupa bila kuuliza.

Vyote hivyo vikae pamoja kama sandwichi, kingo zizibwe kwa tepu ya alumini, ile ya mafundi wa AC, halafu ndiyo iingie kwenye mbao za fremu. Tepu ishike perspeksi kwa mbele milimita 3 tu ili ifichwe na mdomo wa fremu.

Sasa pahali ambapo watu wengi hukosea: wanaziba sandwichi hiyo dukani, mlango wazi, mvua inanyesha. Umefungia ndani asilimia 80. Kadi zote na ukurasa vikae kwanza siku 3 kwenye sanduku lenye silika au chumba cha AC kilichosoma 50, na uzibe humohumo. Mpelekee fundi vipimo, lakini kufunga ufunge mwenyewe.

Kwa mgongo wa fremu, bandika vipande vya kizibo au mpira vya sentimita 1 na nusu kwenye pembe za chini ili hewa ipite nyuma. Plasta ya chokaa ni laini, hivyo tumia ndoano mbili zilizoachana, rolplagi za milimita 8, na toboa taratibu bila kugonga.

Ukimwachia fundi ukurasa hata saa moja, mwambie mambo matatu: hakuna gundi, hakuna selotepu, hakuna kukata. Hilo la tatu lirudie. Fundi akiona pembeni kuna mihuri, namba na maandishi ya mhariri huona uchafu, akapitisha wembe. Mnunuzi huo "uchafu" anaulipia.

---

TaaHafifu

FundiPembeNne kasema vizuri, ila nampinga kwenye kitu kimoja alichokinyamazia: perspeksi ya UV si ruhusa ya kutundika chochote. Inazuia miali ya UV, lakini mwanga wa kawaida unaoonekana nao hufifisha rangi.

Wino mweusi wa kaboni haufifii. Basi hizo 9, kwa wino wake, ndizo za kuchagulia. Lakini ziangalie kwa karibu kabla hujaamua. Je, vivuli vimechorwa, au ni filamu ya vinukta iliyobandikwa? Filamu ile gundi yake hugeuka kahawia na hujikunja pembeni kwa joto. Je, vivuli viko ndani ya karatasi yenyewe, mistari myembamba iliyonyooka mno? Hiyo ni kadi ya kemikali, Duoshade na jamaa zake, na huzidi kuwa kahawia ikipigwa na mwanga. Usiitundike. Saini nayo itazame: ikiwa ya kalamu ya maka, itatoweka huku mchoro ukibaki vilevile.

Zile mbili za rangi ya spiriti zisione ukuta kabisa. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), na kama skana ni ya A4 skani vipande viwili vinavyopishana sentimita 3, kisha chapa kwa wino wa pigimenti kwenye karatasi ya pamba, utundike nakala. Kutoka kwenye kochi hakuna mgeni atakayejua.

Kwa za wino zilizotundikwa, kipimo cha makumbusho kwa karatasi nyepesi kuharibika ni lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza). Programu ya simu hukupa makadirio ya kutosha. Sebule yenye dirisha wazi mchana hupita mamia. Zungusha: miezi 4 ukutani, kisha irudi sandukuni na nyingine ichukue zamu.

Na mwenzangu, sebule za Mji wa Kale hufukizwa udi na ubani. Moshi ule una utomvu na masizi. Nenda katazame feni. Ukuta wa fremu usiwe ule ulio juu ya chetezo.

---

PensiliYaBuluu

Shukrani sana, nimeshaanza kuchambua. Maswali mawili yamebaki. Sanduku likae chumbani kwenye AC ya usiku au sebuleni kusikokuwa na AC? Na kile kiputo je? Pia mama kanishauri nitie karafuu na vidonge vya nafthalini kwa ajili ya wadudu.

---

MkaaKisiwani

Sebuleni au korido ya ndani, pasipo AC. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 24 hivi. Sanduku lililolala kwenye chumba cha nyuzi 21, ukilitoa asubuhi ukalifungua sebuleni, ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ikikulazimu kulihamisha, liache limefungwa saa 3 lipate joto la pale lilipo ndipo ulifungue. AC ya kuwasha na kuzima ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, karatasi inatuna na kusinyaa kila siku.

Liinue sentimita 15 kutoka sakafuni na usiliegemeze ukutani, kwa sababu ya mchwa.

Mama mwambie ahsante, karafuu zibaki kwenye pilau. Mafuta yake hutia doa karatasi. Nafthalini hulainisha baadhi ya plastiki na mvuke wake hujenga chembechembe juu ya vitu. Sanduku lenye mpira na asilimia 50 ndani linawatosha mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha. Kama kuna ukurasa ulioingia na mayai, ufunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, utie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uuache umefungwa siku nzima nje kabla ya kuufungua.

Kiputo: usitie gundi yoyote ya dukani. Kilichokishika mwanzo pengine ni gundi ya mpira, nayo ikizeeka hukauka ikaacha doa la manjano. Ndiyo maana kimeanguka. Doa hilo usilisugue. Piga picha ya pahali kilipokuwa, tia kiputo kwenye kifuko kidogo cha poliesta, kikae pamoja na ukurasa wake. Kitakaporudishwa, kirudishwe kwa methiliselulosi (gundi ya unga), gramu 4 kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa (distilled), nukta mbili tu kwenye ukingo wa juu. Uji wa unga wa ngano pia hushika, lakini kwa unyevu wetu ni chakula cha kuvu na wadudu. Na kama kuna selotepu ya zamani popote, usiibandue kwa mkono, itaondoka na ngozi ya karatasi. Pale Fort Jesus kuna maabara ya kuhifadhi vitu vya kale, kaulize nani anashughulikia karatasi.

---

PensiliYaBuluu

Zile tatu za magazeti zilikuja kwenye mifuko ya plastiki laini, inanuka kama pazia jipya la bafu. Niiache?

---

FundiPembeNne

Hiyo harufu ni ya PVC, plastiki yenye klorini, karibu kwa hakika. Hakikisha hivi, nje, penye upepo: waya wa shaba ushike kwa koleo, upashe moto mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye kipande kidogo ulichokata pembeni mwa mfuko (ukurasa uwe umeshatoka), rudisha waya motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi kuna klorini, ni PVC. Itupe yote mitatu.

Kama maneno yaliyobandikwa ni fotokopi, angalia kabla hujavuta: wino wa fotokopi hunata kwenye PVC na herufi huondoka nayo. Mfuko uliogoma usiung'oe. Kata plastiki kwa mkasi kuizunguka sehemu iliyonata, kipande hicho kibaki juu ya herufi, na ukurasa uingie sandukuni hivyohivyo mpaka mtu wa karatasi auone.