Saa za mafunzo kwa sisi tunaotathmini madereva wa DUI (kuendesha umelewa): kozi za mtandaoni, warsha ya MI, CARS au SAP?

Zawadi_K:
Habari zenu wadau. Kazi yangu ni kufanya tathmini ya madereva waliotiwa hatiani kwa kuendesha gari wakiwa wamelewa. Muda wa kuhuisha cheti umekaribia na saa zangu za mafunzo hazijatimia. Ofisi imekubali kunilipia kitu kimoja tu, na bosi anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimebaki na hivi:

Furushi la kozi za mtandaoni: unasoma mwenyewe, unajibu maswali, cheti kinatoka hapo hapo. Ndiyo bei nafuu kuliko zote.
Warsha ya MI (mbinu ya kumhoji mteja kwa kumhamasisha abadilike) ya ana kwa ana. Unarekodi mahojiano, mkufunzi anayasikiliza na kuyapa alama.
Mafunzo ya kutumia CARS, programu ya kompyuta ya kumtathmini dereva.
Mafunzo ya SAP (mtaalamu anayetathmini waliovunja kanuni za kazini za pombe na dawa za kulevya), ili niweze kupokea na madereva wa malori waliokwama kwenye kanuni za DOT, wizara ya uchukuzi ya hapa Marekani.

Mliopita huko, ipi ina faida? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaAurora:
Mwanangu, hapo umetuachia tupige ramli. Uko jimbo gani? Una CADC (cheti cha mshauri wa pombe na dawa za kulevya) au leseni ya ustawi wa jamii? Umebakiza saa ngapi? Wateja wako ni wa kosa la kwanza au wanaorudia? Jibu hayo kwanza.

Binti_Lamu:
Shikamoo Mzee. Naunga mkono, jimbo ndilo kila kitu. Mimi niko Milwaukee. Huku Wisconsin chombo chetu cha kumtathmini dereva ni WAID, na kosa la kwanza la kuendesha umelewa wala si jinai, unatozwa faini ya kiraia, ingawa leseni inaguswa na tathmini ni lazima. Ukivuka mpaka kuingia Illinois mambo ni mengine kabisa.

Ila ukinilazimisha nichague sasa hivi, nachagua CARS bila kusita. Imetokana na kazi ya watafiti wa Cambridge Health Alliance kule Massachusetts, na msingi wake ni dodoso la WHO la afya ya akili. Haiishii kwenye pombe. Inamuuliza mtu sonona, wasiwasi, kiwewe, kamari, hadi hali ya kupanda na kushuka kwa hisia. Anayekamatwa mara ya pili na ya tatu mara nyingi ana jambo lingine linalomsukuma, na ukimpeleka darasa la pombe peke yake unamrudisha barabarani na tatizo lake lilelile. Programu yenyewe hailipiwi. Gharama iko kwenye muda wako wa kujifunza.

Zawadi_K:
Shikamoo Mzee Aurora. Niko Illinois, karibu na Chicago. Nina CADC, kwa hiyo ni zile saa 40 kila miaka miwili, na nimebakiza kama nusu. Wateja wengi ni wa kosa la kwanza.

MzeeWaAurora:
Marahaba. Sasa tunaongea. Kwa faida ya wanaosoma kutoka nje: Illinois tunampanga dereva kwenye ngazi nne za hatari. Ya chini kabisa ni asiye na kosa la nyuma, kipimo cha pombe damuni chini ya 0.15, na hana dalili nyingine. Huyo anapata saa 10 za elimu basi. Ya kati ni 0.15 hadi 0.19 au aliyekataa kupimwa, anaongezewa saa 12 za hatua za mapema. Akifika 0.20, au akiwa na kosa moja la nyuma, au dalili zikionekana, anaingia ngazi ya tatu: saa 10 za elimu na tiba isiyopungua saa 20. Ya juu ni mwenye dalili za uraibu kamili au hukumu mbili za nyuma ndani ya miaka kumi, na huyo anadaiwa saa 75 za tiba.

Kwa hiyo karatasi ya polisi peke yake inaweza kumpanga mtu nusu nzima. Nusu nyingine ni dalili, na dalili hazionekani kwenye karatasi. Zinatoka kinywani mwake. Anakaa mbele yako mtu mwenye kipimo cha 0.21, anakwambia alikunywa bia mbili. Ukimbishia anafunga mdomo na humpati tena. Ukikubali unaandika uongo kwenye ripoti, na siku akienda kusikilizwa na afisa wa Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye mwenye leseni huku, ili arudishiwe leseni, yanamrudia yeye.

Nimesimamia vijana wengi. Wanajua vigezo vyote kwa moyo. Ukisikiliza rekodi zao unakuta maswali kumi mfululizo ya ndiyo au hapana, mteja anajibu kwa silabi moja. Hakuna kozi ya kusoma itakayoonyesha hilo. Warsha ambayo mtu anakusikiliza dakika ishirini za mahojiano, anakwambia hapa ulimkatiza, hapa alikufungulia mlango ukapita, hiyo ndiyo elimu. Mimi ni MI, mbele na nyuma.

Nyota99:
Kuhusu furushi la mtandaoni acha niseme yaliyonikuta, maana naona bei inakuvutia.

Nilinunua kwa kampuni ambayo tangazo lake lilisema saa zake zinakubalika nchi nzima. Vyeti vilitoka vizuri, vina muhuri na namba ya kibali. Masomo yenyewe yakanipa wasiwasi tangu mwanzo. Somo la utambuzi lilikuwa bado linagawa matumizi mabaya na utegemezi kama magonjwa mawili, wakati DSM-5, mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili, iliviunganisha tangu 2013 kuwa ugonjwa mmoja wenye vigezo 11: viwili au vitatu ni hali nyepesi, vinne au vitano ya kati, sita na kuendelea ni kali. Kwenye maswali wakauliza kama kukamatwa na polisi ni kigezo cha ugonjwa. Nikajibu hapana. Mfumo ukanipa kosa.

Jamani, kwa kazi yetu hilo si jambo dogo. Matatizo ya kisheria yaliondolewa kwenye vigezo, tamaa ya kilevi ikawekwa. Kilichobaki ni kutumia kilevi mara kwa mara kwenye hali ya hatari, na kuendesha gari kumo. Mtathmini akihesabu kukamatwa kuwa kigezo, kila dereva anayeingia mlangoni ameshaanza na alama moja ya ugonjwa kabla hajafungua mdomo. Niliwaandikia. Hawakujibu.

Halafu ukaja ukaguzi. Nikatuma vyeti, nikaambiwa ile namba ya kibali ni ya jimbo lingine na muda wake umekwisha. Saa zote zikafutwa. Nikarudi kulipa upya kwingine kwa bei ya haraka, na wakati nahangaika ripoti zangu zilikuwa zinasubiri sahihi ya msimamizi. Kulikuwa na mama mmoja tarehe yake ya kusikilizwa imekaribia, na tathmini yake ilikuwa inaelekea kupitisha miezi sita, ikipita haikubaliki mpaka ifanyiwe upya. Yeye ndiye aliyekosa usingizi kwa ajili ya cheti changu. Kampuni ile mpaka leo hawajanirudishia hata senti.

Zawadi, kabla hujalipa popote, chukua namba ya kibali, piga simu ICB (zamani IAODAPCA), bodi inayotoa CADC hapa Illinois, waulize wao wenyewe. Usiamini tangazo.

Kilonzo_SAP:
Pole sana dada Nyota. Ila tusihukumu mtandao mzima kwa kampuni moja. Mimi karibu saa zangu zote nimezipata mtandaoni, kwa walioidhinishwa, kwenye webina za moja kwa moja ambapo unauliza na kujibiwa.

Nirudi kwenye SAP, maana naona hakuna anayeisemea. Kanuni ya shirikisho ni 49 CFR Part 40. Unapata mafunzo, unafanya mtihani, halafu saa 12 kila miaka mitatu. Ni kidogo ukilinganisha. Na kazi ipo. Ile kanzidata ya Clearinghouse, inayoorodhesha madereva waliovunja kanuni za pombe na dawa, ilianza Januari 2020, na tangu tarehe 18 Novemba 2024 dereva mwenye doa humo anapoteza CDL yake (leseni ya magari ya biashara) mpaka amalize hatua za kurudi kazini. Madereva wangapi wa Afrika Mashariki wanaendesha malori Marekani hii? Wananipigia kutoka Texas, kutoka Ohio, wanalia. Wengi hawajui hata waanzie wapi, na wanaokutana nao wa kwanza ni matapeli wa mtandaoni wanaouza barua.

MzeeWaAurora:
Kilonzo, kazi yako naiheshimu, lakini swali ni la madereva waliohukumiwa. Mteja wa SAP amevunja kanuni ya kazini, huenda hajawahi kusimama mbele ya hakimu. Sheria nyingine, ripoti nyingine, anayeisoma mwingine. Tena SAP haruhusiwi kumpeleka mtu kwenye kituo chake mwenyewe cha tiba. Ofisi ya Zawadi ikiwa na tiba ndani, bosi ajue hilo kabla hajatoa hela.

Kilonzo_SAP:
Mteja ni yuleyule Mzee. Dereva wa lori akikamatwa Jumamosi kwenye gari lake dogo, Jumatatu CDL nayo iko hatarini. Akiwa kwenye lori mpaka wake ni 0.04, si 0.08. Mtathmini asiyejua upande huo anamwacha njiani.

Binti_Lamu:
Mnasahau bangi. Hapo ndipo mafunzo yetu yanapopwaya kuliko kote. Illinois ni halali tangu Januari 2020, na kisheria mpaka ni nanogramu 5 za THC (kemikali ya bangi inayolevya) kwa mililita ya damu. Kwetu Wisconsin nanogramu moja inatosha kukutia hatiani. Mtu anatoka Waukegan anaingia Kenosha, damu ni ileile.

Kilonzo_SAP:
Na hizo nanogramu hazikwambii alikuwa amelewa kiasi gani. Anayevuta kila siku anaweza kuwa na THC damuni akiwa timamu kabisa, na mgeni wa bangi akashuka chini ya 5 bado kichwa kinazunguka. Kwenye pombe angalau namba inaendana na hali ya mtu.

Nyota99:
Basi hoja inarudi palepale kwa Mzee: namba haitoshi, lazima ujue kuhoji. Ila nina swali kuhusu hiyo warsha ya MI. Rekodi ni ya mteja halisi au ya maigizo? Kumbukumbu za tiba ya uraibu zinalindwa na kanuni ya shirikisho ya usiri, 42 CFR Part 2. Huwezi kumpelekea mkufunzi sauti ya mteja bila ridhaa yake ya maandishi. Na mtu aliyetumwa na mahakama, ukimwomba ridhaa, ana uhuru gani wa kukataa? Anaogopa utamwandika vibaya.

MzeeWaAurora:
Swali zuri sana hilo. Warsha nyingi zinakubali maigizo na mwenzako. Mimi mwenyewe nisingerekodi mteja wa mahakama.

Zawadi_K:
Asanteni sana. Hilo la ridhaa sikuwa nimeliwazia, nawauliza leo. Kuna jambo sikulisema mwanzoni: sehemu kubwa ya wateja wangu wanaongea Kiswahili. Wapo Wakongo, Watanzania, Wakenya. Wengine nawahoji mwenyewe, wengine wanaletwa baada ya kushindikana kwingine na mkalimani wa simu.

MzeeWaAurora:
Mwanangu! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

Mshauri_Moshi:
Nasoma kutoka Tanzania, naomba kuchangia. AUDIT, dodoso la WHO la unywaji pombe, ya Kiswahili ipo na imefanyiwa utafiti hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa wagonjwa waliopata majeraha ya kichwa. Si lazima mtu akae anatafsiri maswali hapo hapo mbele ya mteja.

Ila angalieni vipimo. AUDIT ya WHO inahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za pombe halisi. Ninyi Marekani kinywaji kimoja ni gramu 14, yaani kopo la mililita 355 la asilimia 5. Sasa mteja aliyekulia Arusha au Nakuru bia kichwani mwake ni chupa ya nusu lita. Ya asilimia 5 hiyo ni karibu gramu 20. Akisema bia nne, kwa hesabu yenu ameshakaribia sita. Na akisema Konyagi ndogo, ile ni asilimia 35. Chupa ya mililita 200 peke yake ni karibu vinywaji vinne vya kwenu, na anaihesabu kuwa moja.

Binti_Lamu:
Ubarikiwe. Na huku kuna yale makopo marefu ya vituo vya mafuta, mililita 710. Mtu anasema mbili, kumbe ni nne. Mimi huweka makopo matupu ya saizi mbalimbali mezani, namwambia nionyeshe. Hajibu namba, anagusa kopo. Wanaume wazima wanaonyamaza saa nzima wanafunguka hapo.

MzeeWaAurora:
Hilo nalichukua. Na waambie wanaotumia toleo la USAUDIT kwamba lile limeshapangwa kwa gramu 14, wasichanganye na la WHO.

Mkalimani_DFW:
Mimi ni mkalimani wa mahakama Dallas, si mshauri. Naomba mtufikirie na sisi kwenye hayo mafunzo. Mtathmini anasoma maswali mbio, kisha ananiambia nifupishe jibu la mteja. Mzee wa Uvira anaeleza lutuku (gongo ya Kongo) aliyokuwa anakunywa kambini na kwa nini alianza, dakika tano nzima, mtathmini anaandika neno moja. Kile alichokieleza ndicho mlichokuwa mnakitafuta. Kuna kozi yoyote ya saa mbili tatu inayomfundisha mtathmini kufanya kazi na mkalimani? Nimetafuta, nakuta za hospitali tu.

Kilonzo_SAP:
Sijawahi kuiona. Ikipatikana hata mimi nitalipa.

Zawadi_K:
Bosi naye kauliza kama CARS ipo kwa Kiswahili. Binti_Lamu, unajua lolote?

Binti_Lamu:
Mimi natumia ya Kiingereza tu. Nitawaandikia wenyewe wanijibu. Mshauri_Moshi, hilo toleo la AUDIT la KCMC unaweza kutuwekea hapa, au ombi liende kwa watafiti moja kwa moja?