UKOO WA BIBI MWANAHAMISI 🌴

Alhamisi

20:14 Dada Rehema: Asalaam aleikum. Ndo natoka na Salim dispensari, homa siku ya tatu, macho yanamuuma kwa nyuma, malaria hana. Wamempima dengi, kile kikadi mstari wa M umefifia ila wa G umekolea kama wino. Nani yupo?

20:26 Dada Rehema: Mmesoma watu 14. Semeni basi

20:27 Juma: G ndo nini

20:28 Dada Rehema: Kingamwili za zamani, M ndo za sasa. Ile dengi yake ya 2014

20:31 Mjomba Hamisi: Si vizuri sasa, ana kinga tayari. Mpeni supu ya pweza alale

20:33 Zawadi: Hapana mjomba. Dengi ziko aina 4. Uliyougua hairudi, ila ikija nyingine zile kingamwili za kwanza zinaidaka bila kuiua, zinaisindikiza mpaka ndani ya seli, ndo maana mara ya pili ina hatari zaidi

20:34 Juma: Yaani mlinzi anamfungulia mwizi geti 😂😂 kama lile jenereta la mjomba

20:34 Mama Aisha: 😂😂😂

20:35 Mjomba Hamisi: Juma jenereta usilitaje humu

20:36 Dada Rehema: Jamani tuna mgonjwa!! Zawadi, kwa hiyo atazidiwa?

20:41 Zawadi: Kipimo hakisemi atazidiwa, wengi wanapona hata mara ya pili. Kinasema tusimuondolee macho. Halafu si alichanjwa homa ya manjano alivyoenda Lubumbashi? Hiyo nayo inaweza kuleta mstari wa G, so msiutegemee wenyewe tu. Apimwe damu kila siku, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zisishuke na damu isiwe nzito. Homa IKISHUKA ndo msilale, tumbo likiuma, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, hospitali hapohapo. Panadol tu, diklofenaki na aspirini hapana

20:42 Dada Rehema: Diklofenaki kachomwa jana duka la dawa

20:42 Zawadi: 🤦🏾‍♀️ isirudiwe

20:45 Dada Rehema: Naomba watu wa kulala naye kule Mbagala na hela ya vipimo. 2014 nilikaa wodini wiki nzima peke yangu, cherehani ya mama ikauzwa, wengine walituma pole tu

20:46 Mjomba Hamisi: Hilo langu?

20:46 Dada Rehema: Sijataja mtu

20:58 Mama Aisha: Bibi yuko hapa nimemsomea. Anasema hicho kidingapopo, anakijua. Anasema Hamisi, mtoto wa dada yako anaungua na homa chumbani peke yake, wewe unagombea jenereta

21:40 Mjomba Hamisi: Shikamoo mama. Natuma 50,000. Kulala siwezi, nasafiri kesho

21:43 Juma: Leo naenda mimi. Kesho mwisho saa 4 usiku nina shifti

21:44 Dada Rehema: Na Jumamosi? Itakuwa siku ya 5

21:44 Zawadi: Hapo ndo homa huanza kushuka

23:52 Shemeji Kondo: Samahani nilipitiwa na usingizi. Nani anaumwa?

23:53 Dada Rehema: Soma juu shemeji. Jumamosi upo?