Waifai ya laptopu ya Linux inashika karibu na ruta tu, na nikiirekebisha inasahau

MamaSteshenari (Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Nina fremu ya steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa mitihani ya walimu, ila kazi kubwa msimu huu ni kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira. Laptopu ni HP ya mtumba, shemeji aliniletea kwa treni kutoka Dar. Windows yake ilikuwa nzito mno, mdogo wangu akaifuta akaweka Linux Mint. Kwa mambo mengine yote nimeipenda, hata printa iliitambua yenyewe bila sidii.

Shida ni waifai. Ruta iko ndani kwa mwenye nyumba, kati yetu ukuta mmoja wa tofali, hatua kama nane. Simu yangu nikiiweka juu ya meza ileile inajaza mistari yote. Laptopu inaonyesha mstari mmoja, muda mwingine hata huo haupo. Nikiibeba nikaiweka kando ya ruta inashika vizuri kabisa. Nikirudi nyuma hatua tatu, imekata.

Niliwahi kusoma kwamba nizime ile hali ya kadi ya waifai kubana umeme, nikaandika hivi:

`sudo iw dev wlo1 set power_save off`

Mchana ule haikukata, ingawa mstari ulibaki uleule mmoja. Kesho yake nimewasha, imerudi ilivyokuwa. Nikaandika tena. Jioni umeme ukakatika, ruta ikazima, iliporudi laptopu imesahau tena. Hata nikiizima waifai na kuiwasha, inasahau.

Kilichonifanya niandike hapa ni binti mmoja aliyetoka Kalinzi na hiace ya asubuhi kuja kupakia cheti cha kuzaliwa. Tulipakia mara 5, kila ikifika katikati inakata. Jioni ikabidi aondoke asikose gari la mwisho. Hela yake nilimrudishia, lakini siku yake na nauli yake sikuwa na cha kumrudishia. Sitaki limpate mwingine. Naombeni msaada.

Mtu_wa_Gungu

Pole sana dada. Nunua kile kidude cha waifai cha USB uchomeke, umalizane nayo.

FundiIsevya (Tabora)

Dada, usinunue kitu kwanza. Maelezo yako yanaonyesha una matatizo mawili yaliyokaa pamoja, ndiyo maana ulipotibu moja ukapata nafuu nusu. Andika hii kwenye teminali, utuwekee majibu:

`lspci -nnk | grep -A3 Network`

`iw dev wlo1 link`

Hiyo ya pili iandike ukiwa umekaa kwenye meza yako ya kazi, siyo kando ya ruta.

MamaSteshenari (Kigoma)

Asante kaka. Ya kwanza inasema Realtek RTL8723BE, na chini yake draiva (programu inayoendesha kadi) ni rtl8723be. Ya pili ina mistari mingi, ila penye `signal` imeandika -84 dBm.

FundiIsevya (Tabora)

Nilihisi ni hiyo. Nimekutana nayo kwenye HP nyingi hapa Tabora, na vijana wengi wameshatupa kadi nzima kwa sababu yake.

Nianze na kusahau. Amri uliyoandika ni ya muda, inabadilisha kadi pale pale lakini haiandikwi popote. Anayesimamia mtandao kwenye Mint ni NetworkManager, na kila ikiunganisha upya inasoma mafaili yake na kurudisha ilichokikuta humo. Kwa hiyo hata uandike mara mia, ruta ikizima tu kazi yako imefutwa. Fungua hili faili:

`sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`

Utakuta `wifi.powersave = 3`. Namba 3 maana yake washa kubana umeme, 2 maana yake zima. Weka 2, hifadhi, kisha:

`sudo systemctl restart NetworkManager`

Hakikisha kwa `iw dev wlo1 get power_save`, ikujibu off. Zima ruta makusudi, iwashe, uulize tena. Ikijibu off tena, hilo limekwisha.

Sasa kubwa zaidi. Simu inajaza mistari na laptopu kwenye meza hiyohiyo inasoma -84, hapo ukuta hauna kosa. Kadi yako ina sehemu mbili za kuchomekea waya wa antena, na watengenezaji wa laptopu nyingi za bei ndogo wanachomeka waya mmoja tu. Kadi imeandikwa ndani yake waya uko upande gani, na kwenye laptopu nyingi maandishi hayo si sahihi. Draiva inayaamini, inasikiliza upande usio na waya. Ndiyo maana kando ya ruta inasikia: pale mawimbi ni makali kiasi kwamba hata pasipo antena yanapenya.

Huna haja ya kufungua laptopu. Mwambie draiva asikilize upande mwingine:

`sudo modprobe -r rtl8723be`

`sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`

Waifai itazima na kurudi baada ya sekunde chache. Ukiwa hapohapo mezani, soma tena `signal`. Isipobadilika, rudia zote mbili ukiweka 1 badala ya 2. Kumbuka namba hizi zina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo -50 ni nzuri kuliko -84.

Na hiyo nayo ni ya muda, ikizimwa inasahau vilevile! Ukishajua namba iliyokubali, iandike kwenye faili:

`echo "options rtl8723be ant_sel=2 fwlps=0 ips=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`

Hizo mbili za mwisho zinamzuia draiva mwenyewe asiilaze kadi ili kubana umeme. Betri itaisha mapema kidogo, ila kwa mtu wa dukani aliyechomeka kwenye soketi haina madhara.

Jambo dogo: kadi hii haioni kabisa 5 GHz. Kama ruta inarusha majina mawili, chagua lile la 2.4.

Kuna watakaokuambia ushushe draiva nyingine mtandaoni uijenge mwenyewe. Mimi simshauri mtu wa biashara. Kerneli (kiini cha Linux) ikisasishwa, draiva uliyoijenga inaweza kugoma, ukaamka asubuhi huna waifai na wateja wamejaa mlangoni.

MamaSteshenari (Kigoma)

Kaka wa Isevya, Mungu akubariki sana. Namba 2 imekubali mara ya kwanza. Meza ileile, ukuta uleule, `signal` inasoma -52! Nilidhani nimekosea, nikaandika amri mara tatu.

Nimezima laptopu na kuiwasha mara mbili, nikazima na ruta, haijasahau. Usiku umeme ukakatika wenyewe, asubuhi nimekuta iko vilevile. Nimenakili mistari yote kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa kwanza, ili mdogo wangu akiweka Mint upya tusianze kutafuta tena.

Yule binti nilikuwa na namba yake, nikampigia. Kanitumia picha ya cheti kwa simu, nimempakilia bila kusafiri. Imepanda mara moja.

Kijana_Kasulu

Mwakeye dada. Nimefuata uzi huu tangu juzi kwa sababu nina HP yenye kadi hiyohiyo. Kwangu 2 ilizidisha ubaya, waifai ilipotea kabisa hadi nikaogopa. Nimeweka 1 ndiyo ikapanda kutoka -80 hadi -55. Kwa hiyo atakayefika hapa baadaye ajaribu zote mbili kwanza kwa modprobe, asikimbilie kuandika kwenye faili.

FundiIsevya (Tabora)

Sawa kabisa mdogo wangu. Na ukiwa umesahau uliweka ipi, uliza:

`cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel`