Naomba ushauri: kugeuza picha za HEIC bila kupoteza ubora
Ndugu zangu, assalam aleikum. Nina picha za harusi ya dada yangu, iliyofanyika hapa Mji wa Kale, zilizopigwa kwa iPhone katika muundo wa HEIC, ambao simu hizo hutumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, lakini kompyuta ya duka la kuchapishia picha haiufungui. Nilipozigeuza kuwa JPEG, muundo wa picha wa kawaida unaofunguka karibu kila mahali, kwa programu ya bure, hina ya mikononi mwa bibi harusi, ambayo katika picha ya asili kila ua lake laonekana, ilivurugika ikawa doa la kahawia, jambo lililonihuzunisha sana. Je, katika JPEG nichague ubora wa 95 au 100 (kipimo cha juu kabisa), au afadhali PNG, muundo usiopoteza ubora? Na video za HEVC (njia ya kubana video), zaweza kuhamishwa kutoka faili la MOV hadi la MP4 bila kusimbwa upya, yaani bila kubanwa tena na kupoteza ubora? Nakala za asili ninazo zote.