Baba anapaliwa na maji baada ya upasuaji wa ulimi

Swali:
Wiki tatu zilizopita baba aliondolewa sehemu ya ulimi pamoja na tezi za shingo kwa sababu ya saratani. Analishwa kwa mpira wa puani, akijaribu maji anapaliwa, na mkono wa upande uliopasuliwa haupandi kupita bega. Ndugu zangu wanataka koo lipumzishwe hadi apone kabisa. Mimi nahofia litasahau kazi yake. Nani yuko sahihi?

Jibu la muuguzi:
Pole kwa kuuguza. Hofu yako ina msingi, kwani misuli ya kumeza hudhoofika isipotumika. Ila wa kuamua aanze lini na kwa chakula cha uzito gani ni daktari wa upasuaji, akiridhika na kidonda, pamoja na mtaalamu wa umezaji. Maji, ambayo wengi huyadhania kuwa rahisi kuliko vyote, ndiyo magumu, kwa kuwa hukimbia kabla njia ya hewa haijajifunga. Hadi apimwe, msimwonjeshe kitu kwa huruma, wala msitegemee kikohozi kiwaonye: wapo ambao chakula huingia njia ya hewa kimyakimya, wakagundulika wameshapata homa ya mapafu. Anapolishwa kwa mpira ainuliwe kichwa na kifua, na abaki hivyo angalau nusu saa. Kinywa kisafishwe kila siku ingawa hakitumiki kulia chakula, maana mate yenye vijidudu nayo huteremka mapafuni.

Jibu la aliyepona:
Neva inayoinua bega hupita palepale tezi zinapoondolewa, na hata isipokatwa huweza kuumia kwa kuvutwa. Mimi nilichelewa kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bega likakakamaa. Ikiwa atapigwa mionzi, meno yakaguliwe kabla, kwa sababu kung'oa jino baadaye kunaweza kuufisha mfupa wa taya. Halafu kuna aibu ya kudondokwa na mate, ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo. Nilikula peke yangu miezi mingi hadi mke wangu alipohamishia sahani yake chumbani kwangu.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nakiri kwamba dada amekuwa akimpa vijiko vya maji usiku, tumeacha leo. Kesho kliniki nitaomba apimwe kumeza, na la bega nitalitaja pia, kwani tulidhani ni uchovu tu.