Meja asome fedha kabla ya kupewa kikosi?

Kasma_Kavu:
Wadau salaam. Afisa wa JWTZ anapikwa kwenye chuo cha kijeshi Monduli, baadaye anapita Duluti kwenye Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, na akifika kanali au brigedia anaweza kupelekwa Kunduchi, Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichoanza 2012. Ninayemsemea mimi ni wa katikati, meja au luteni kanali, siku anapokabidhiwa kikosi. Siku hiyo anakabidhiwa pia chakula cha askari, mafuta, magari mabovu na majengo yanayovuja. Naomba iwepo kozi ya lazima ya fedha na uongozi kabla hajakalia kiti hicho, isiyopungua miezi mitatu. Sitaki awe mhasibu. Nataka ajue kwa nini fedha ya mafuta hainunui rangi ya bwalo hata kwa ahadi ya kuirudisha mwezi ujao. Wamarekani wanapeleka watu wao wa rika hilo Chuo Kikuu cha Syracuse kusomea fedha tangu 1952, na mjini Monterey walianzisha taasisi ya rasilimali za ulinzi 1965 iliyopokea hadi maafisa wa nchi za nje. Leteni maoni.

Mzee_wa_Mutukula:
Kijana, vita havipiganwi kwa vocha. Mwaka 78 Amin alipoivamia Kagera hakuna aliyeuliza kasma, yaani fungu gani la bajeti. Wananchi walitoa ng'ombe, malori yakakusanywa, tukafika Kampala. Kamanda afundishwe kupigana na kuongoza watu. Hesabu waachiwe makarani waliovaa gwanda, ndiyo kazi yao.

MkeWaAfande:
Makarani waliovaa gwanda? Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Mume wangu ni mhasibu jeshini. CPA yake, cheti cha juu cha uhasibu, aliisomea usiku baada ya kazi, mtoto analia chumba cha pili. Kwata alipiga ileile, milima alipanda ileile waliyopanda hao wapiganaji wako. Posho ikichelewa siku moja simu yake haizimi, na wanaopiga ni hao hao mashujaa. Hilo neno lifute.

Mzee_wa_Mutukula:
Marahaba mwanangu. Mumeo sikumtaja. Nimesema kazi, sijasema mtu. Ila mbele ya adui kuna aliyeshika bunduki na kuna aliyeshika kalamu, na wote wawili wanajijua.

Chumvi_ya_Lindi:
Mzee, aliyeshika bunduki amekula nini asubuhi? Na hayo malori uliyoyataja mwenyewe, kama hakuna aliyeandika namba ya gari, jina la mwenyewe na tarehe lilipochukuliwa, mwenye lori angekwenda kudai wapi? Kalamu ilikuwepo Kagera, ila haipigiwi nyimbo.

MkeWaAfande:
Asante ndugu yangu. Mwambie.

Mdadisi_Tabora:
Mnagombania ukarani wakati ile rada ambayo Serikali yetu ilinunua Uingereza mmeisahau. Milioni 40 za pauni kwa rada moja! Kozi ya meja ingezuia nini pale?

Kasma_Kavu:
Ndugu Mdadisi, nakuomba rada tuiweke pembeni. Hoja ni kozi.

Bwana_Hoja:
Ni dola milioni 40, kwa pauni ni milioni 28. Tusipotoshe. Na BAE, kampuni iliyotuuzia, walirudisha pauni milioni 29.5, zikalipwa 2012, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule.

Mdadisi_Tabora:
Dola au pauni, maumivu ni yaleyale. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipopitia ule mkataba lilisema bei ni kubwa mno na mtambo wenyewe haukidhi mahitaji ya ndege za kiraia. Waliosaini walikuwa wasomi, hakuna aliyeishia darasa la saba. Elimu walikuwa nayo. Kwa hiyo msituambie dawa ni darasa.

Bwana_Hoja:
Wewe umekuja na rada yako kutoka nyumbani. Meja wa Tabora alisaini rada?

Mdadisi_Tabora:
Tabora imeingiaje? Jibu hoja, acha mkoa wangu.

Mzee_wa_Mutukula:
Nami niongezee. McNamara alitoka kampuni ya magari ya Ford, akawa waziri wa ulinzi wa Marekani 1961. Akaleta mipango na bajeti za kitaalamu, kila kitu kikawekewa namba. Vietnam walitokaje? Mnataka tuige hao?

Kisumu_Ndogo:
Na wizara yao ya ulinzi inakaguliwa yote kwa ujumla kila mwaka tangu 2018, haijapata hati safi hata mara moja. Sisi Kenya tumeshaunganisha elimu ya juu ya kijeshi chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilipata hati ya kuanzishwa 2021. Njooni mjifunze jirani.

Chumvi_ya_Lindi:
Ndugu Mkenya karibu, lakini usitupigie debe hapa. Halafu umeacha kipande: kikosi cha Marine, hao hao Wamarekani, kilipata hati safi kwa hesabu za mwaka 2023. Cha kwanza kati ya majeshi yao. Mkaguzi hapewi maneno, anapelekwa bohari akahesabu risasi na vipuri kimoja kimoja, na anayejibu ni kamanda. Ndiyo maana mimi niko na Kasma_Kavu.

Stoo_Kuu:
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Sikuwa jeshini, nilitunza stoo ya taasisi moja ya umma. Mwisho wa Juni, fedha zinakaribia kufungwa tarehe 30, mkuu anawekewa rundo la karatasi mezani. Anasaini akiwa kwenye simu. Kuna hati niliishika kwa mkono wangu: gari lenye tangi la lita 80 limeandikiwa kujazwa lita 120 kwa mkupuo, asubuhi moja, kituo kimoja. Saini zilikuwa tatu. Mkuu yule hakuwa mwizi, nawaambia kweli. Alikuwa mtu mwema, watu wake walimpenda. Hakujua tu kwamba anatakiwa asome ile namba na aulize. Walioiba walijua kwamba haulizi. Iliniuma nikiwa kazini na inaniuma mpaka leo, kwa sababu alipoondolewa yeye, wao walibaki.

Kasma_Kavu:
Hapo ndipo ninapopasema! Uongozi na fedha ni somo moja. Askari akijua mkuu wake anasoma hati, haileti ya lita 120.

Mdadisi_Tabora:
Na asiposoma anakaguliwa na nani? Ile kampuni ya dhahabu ya Meremeta tuliambiwa bungeni ni mambo ya jeshi, pakafungwa. Fundisheni mameja elfu, mlango ukifungwa umefungwa.

Bwana_Hoja:
Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, akague hesabu za Serikali angalau mara moja kila mwaka. Mafungu ya bajeti ya ulinzi, 38 la Ngome (jeshi lenyewe), 39 la JKT na 57 la Wizara, yanasomwa bungeni kila bajeti. Siri ya silaha naielewa. Siri ya maharage siielewi.

MkeWaAfande:
CAG akija, anayelala ofisini kuandaa majibu ya hoja za ukaguzi ni mhasibu. Kamanda anaitwa kusaini majibu. Mkitaka kozi, muwaweke darasa moja, kamanda na mhasibu wake, kila mmoja amsikie mwenzake. Na fundisho lisiwe kambini tu. Monduli wanashirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha kwenye shahada ya sayansi ya kijeshi, kwa hiyo njia ipo tayari.

Mzee_wa_Mutukula:
Mimi siwapingi wasomi. Nasema meja akikaa darasani miezi mitatu, kikosi kinashikwa na nani?

Chumvi_ya_Lindi:
Na naibu wake, mzee. Kama anavyoshika akiwa Duluti.

Stoo_Kuu:
Msiwasahau masajini wa bohari. Dizeli inapungua mbele ya macho yao kabla karatasi haijaandikwa. Meja asome, lakini na stafu sajini apewe wiki zake, na alindwe akisema.

Mzee_wa_Mutukula:
Hapo kwa stafu sajini niko na wewe. Vocha ya uongo anaijua kabla ya afisa yeyote.

Mdadisi_Tabora:
Na rada?

Bwana_Hoja:
Fungua uzi wako.